Kuchanga, Kuchangia na Kukatwa: Mtumishi na Chuo Chake, Kutoka Mtaa wa Lumumba Mpaka Mlimani

Madhumuni ya makala haya ni kulichungua swali ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana kuwa la mhasibu kuliko la mwanahistoria au la mwanaisimu. Swali lenyewe ni hili: kwa nini mtumishi wa chuo kikuu, ambaye hula na kuvaa kwa mshahara anaolipwa na chuo, huchukua sehemu ya mshahara huo akairudisha kwa chuo hicho hicho, naye hakulazimishwa na mtu? Jambo hili si geni duniani. Katika vyuo vikuu vya Marekani ni desturi ya miaka mingi kuwapelekea watumishi wote, kuanzia profesa mpaka mfagizi, barua ya kila mwaka ya kuwaomba wakitolee chuo chao. Katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki barua za namna hiyo zimeanza kuonekana, na wanaozipokea huulizana, kwa sauti ndogo, kama ni ombi ama ni amri.

Majibu yatolewayo aghalabu ni matatu. Wengine husema kwamba mtumishi hutoa kwa sababu ya ukarimu. Wengine husema kwamba hutoa akitazamia kupandishwa cheo. Wengine tena husema kwamba hutoa kwa hofu, asije akaandikwa miongoni mwa wasiokipenda chuo. Hapana shaka kila jibu lina ukweli wake, lakini hakuna hata moja lielezalo kwa nini mtu yule yule hutoa mwaka huu kwa furaha na mwaka wa pili akakataa kwa hasira, ilhali mshahara wake haukubadilika, wala moyo wake, wala mkuu wake wa kazi. Maoni yangu ni kwamba mtumishi hutoa pale ajihesabupo kuwa mmoja wa wenye chuo, na hukataa pale aonapo kwamba amehesabiwa kuwa mfuko tu. Ushahidi wa maoni haya nitautafuta mahali pawili: katika maneno ya Kiswahili yenyewe, na katika historia ya mtaa mmoja wa Dar es Salaam, uliopakana na Kariakoo na viwanja vya Mnazi Mmoja, ambako elimu ya chuo kikuu ya nchi hii ilianzia.

Habari za maneno

Lugha yetu ina maneno mengi ya utoaji, wala si mamoja. Yako yaliyotoka Kiarabu pamoja na dini, kama vile sadaka, zaka, hiba na wakfu. Katika haya mtoaji humtazama Mungu kwanza, kisha mpokeaji. Liko neno fadhila, lililotuletea ufadhili na mfadhili. Hapa mtoaji yuko juu na mpokeaji yuko chini, na baina yao pana deni la shukrani lisilokwisha. Yako pia maneno ya watu walio sawa: kikoa, yaani chakula kilichoandaliwa kwa zamu na kuliwa pamoja, upatu, yaani fedha zinazokusanywa na kupewa kila mmoja kwa zamu yake, na kuchanga.

Kitenzi kuchanga chastahili kuangaliwa kwa makini. Mtu husema “tulichanga” bila ya kuhitaji kueleza zaidi. Akisema “nilichanga”, msikilizaji huelewa mara moja kwamba walikuwapo wengine, kwani mtu hachangi peke yake. Tena, kitu kinachochangiwa si lazima kitajwe, maana kinajulikana kuwa ni cha wachangaji wenyewe. Sasa tazama minyambuliko. Kauli ya kutendea, kuchangia, huingiza kitu kilicho nje ya mtendaji: mtu huchangia ujenzi, huchangia mfuko, huchangia gharama. Kauli ya kutendesha, kuchangisha, huingiza mtu wa pili, anayewafanya wengine watoe. Hatimaye liko neno la hati ya mshahara, ambalo halina undugu wa shina na hayo, nalo ni kukatwa. Katika kukatwa mtoaji hatendi neno lolote, yeye hutendwa. Hata hivyo twasikia kila siku mtu akisema “nimekatwa mchango”, kana kwamba maneno mawili hayo yaweza kukaa nyumba moja kwa amani.

Kutoka kuchanga mpaka kuchangia, kutoka kuchangia mpaka kuchangisha, na kutoka hapo mpaka kukatwa, fedha yaweza kuwa ile ile, hata senti isipungue. Kinachobadilika ni mahali asimamapo mtoaji. Historia ya chuo chetu yaweza kusimuliwa kwa vitenzi hivyo kwa mfuatano huo huo.

Nyumba za wachangaji

African Association ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1929, na katika waasisi wake alikuwamo Kleist Sykes, mtumishi wa reli. Wanachama wake wengi wa mjini walikuwa watu wa mshahara mdogo: makarani, walimu, na watumishi wa idara za serikali ya kikoloni. Chama hicho kilijipatia nyumba katika mtaa ulioitwa New Street, kwa michango na kwa kazi ya kujitolea ya wanachama wenyewe. Mwaka 1948 kilichukua jina la Tanganyika African Association, na tarehe 7 Julai 1954 kikageuka kuwa TANU.

Yafaa tukumbuke hali ya mtumishi katika miaka hiyo. Mwaka 1953 serikali ya kikoloni ilitoa waraka wa kuwazuia watumishi wake kujiunga na chama hicho. Basi karani aliyetaka kutoa shilingi yake alijua kwamba akijulikana aweza kupoteza kazi. Julius Nyerere, aliyekuwa mwalimu katika shule ya Pugu, alitakiwa achague baina ya ualimu na siasa, akaacha kazi mwaka 1955. Kwa upande wa sokoni, Abdulwahid Sykes, mtoto wa Kleist, alikuwa msimamizi wa soko la Kariakoo, na jina lake limo katika kumbukumbu za waliokitumikia chama kwa mali na kwa nafasi yao. Bibi Titi Mohamed, aliyejulikana kwanza katika ngoma ya Bomba, aliwaingiza chamani wanawake wa vikundi vya ngoma vya mitaa hiyo, ambao wengi wao walikuwa wafanya biashara ndogo ndogo. TANU iliishi kwa viingilio, ada na michango ya watu wa namna hii.

Watu hawa hawakufundishwa kuchanga na chama chochote cha siasa. J. A. K. Leslie, aliyeuchunguza mji wa Dar es Salaam katika miaka ya 1956 na 1957, na kitabu chake kikatoka mwaka 1963, ameeleza mengi juu ya vyama vya watu waliohamia mjini kutoka bara. Vyama hivyo vilikuwa vya kufa na kuzikana. Mgeni aliyefika Kariakoo bila ya jamaa alihitaji watu watakaomwosha, watakaomvika sanda na watakaompeleka kaburini, na njia ya kuwapata ilikuwa kutoa fungu lake angali hai. Hapa ndipo palipo na mzizi wa jambo letu. Mchangaji wa chama cha kufa na kuzikana hampi mtu zawadi, wala hanunui kitu. Anajiandikisha kuwa mwenzi wa watu. Fedha ni alama ya kuandikwa, na daftari la mtunza fedha ni ushahidi.

Chuo katika nyumba ya watu

Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki sita kabla ya Uhuru, Chuo Kikuu kishiriki cha Dar es Salaam kilifunguliwa katika jengo la TANU, katika mtaa ule ule wa New Street, ambao sasa ni Mtaa wa Lumumba. Kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha London, kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wasiozidi 14. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Cranford Pratt, Mkanada, na walimu wake wengi walikuwa wageni. Mwaka huo huo, ng'ambo ya pili ya bandari, kilifunguliwa Chuo cha Kivukoni kwa elimu ya watu wazima na viongozi, nacho pia kilipata sehemu ya nguvu zake kutokana na michango ya wanachama.

Jambo hili la mwaka 1961 limesimuliwa mara nyingi kama kisa cha unyonge: nchi maskini haikuwa na jengo, ikaazima. Mimi nalitazama kwa upande mwingine. Chuo kikuu cha kwanza cha nchi hii kilizaliwa katika nyumba ambayo wenyewe walikuwa hai na walipita mlangoni kila siku wakienda sokoni. Muuza vitumbua wa Kariakoo, ambaye hakujua kusoma, aliweza kulionyesha jengo lile kwa kidole na kusema “tulilichangia sisi”. Hakusema uongo. Wanafunzi wa sheria waliosoma humo walikuwa, kwa maana ya wazi kabisa, wageni wa watu.

Na hapa yafaa tuseme neno juu ya taaluma yetu wenyewe. Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki, iliyoanza kazi mwaka 1930 na ambayo kazi yake iliingizwa chuoni mwaka 1964 ilipokuwa Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili, ilitegemea kwa sehemu kubwa watu waliotoa maneno, methali, mashairi na masahihisho bila ya ujira. Shaaban Robert, mmoja wa wajumbe wake, alikuwa mtumishi wa serikali kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na maandishi yake aliyafanya nje ya saa za kazi hiyo. Si ajabu basi kwamba katika Kiswahili makala anayoipeleka mtu katika jarida huitwa mchango. Neno ni lile lile, maana watu waliona kwamba tendo ni lile lile: mtu ameleta fungu lake katika chungu asichokula peke yake.

Mlimani

Mwaka 1964 chuo kilihamia Mlimani, kilomita kadhaa nje ya mji. Majengo ya huko yalikuwa mazuri na makubwa, na sehemu kubwa yalijengwa kwa fedha za Serikali na misaada ya nchi za nje. Sina nia ya kuwalaumu waliotoa misaada hiyo, kwani bila ya misaada hiyo wengi wetu tusingalipata pa kusomea. Lakini mwanaisimu hawezi kupita bila ya kuona kwamba neno limebadilika. Mtaa wa Lumumba ulikuwa na wachangaji. Mlima ulikuwa na wafadhili. Muuza vitumbua hakuweza tena kuonyesha jengo kwa kidole. Kodi yake ilikuwamo, tena nyingi kuliko mwanzo, ila haikuwa na daftari aliloweza kulisoma.

Miaka miwili baadaye ikatokea habari inayojulikana na wote. Serikali ilitaka wahitimu wa vyuo na wa kidato cha sita walitumikie Taifa kwa miaka miwili: miezi ya kwanza kambini, na muda uliobaki katika kazi zao, wakipokea asilimia 40 tu ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana mpaka Ikulu kupinga. Rais aliwasikiliza, akawajibu kwa ukali, na karibu wanafunzi 400 wakarudishwa makwao. Wengi wao waliruhusiwa kurejea mwaka uliofuata. Siku ile ile Rais, ambaye mshahara wake ulikuwa shilingi 5,000 kwa mwezi, alitangaza kuupunguza kwa asilimia 20, na mishahara ya viongozi wakuu nayo ikapunguzwa. Tarehe 5 Februari 1967 likafuata Azimio la Arusha.

Kisa hiki kimechunguzwa na wanahistoria wa siasa, na waamuzi wamegawanyika. Wako wawaonao wanafunzi kuwa wachoyo, waliosomeshwa kwa jasho la wakulima kisha wakakataa kulipa. Wako wawaonao kuwa vijana waliodai haki ya kuulizwa. Kwa shughuli yetu ya leo yatosha kuona jambo moja. Serikali ilikuwa na hoja nzito: kwamba msomi ana deni kwa waliomsomesha. Lakini hoja hiyo iliwafikia vijana kwa kauli ya kutendwa: watapunguziwa, watakatwa. Jibu la Rais mwenyewe lilikuja kwa kirejeshi: alijipunguzia. Kati ya -punguziwa na -jipunguzia pana silabi chache tu, nazo zabeba tofauti yote iliyopo baina ya makato na mchango. Nadhani Mwalimu aliijua tofauti hiyo. Mtu aliyewahi kuacha mshahara wa ualimu kwa hiari yake alikuwa na kinywa cha kuwaambia wengine wapunguze, na hata yeye hakuridhika na kusema tu. Alianza na mfuko wake.

Kuchangia gharama

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kujitegemea tarehe 1 Julai 1970. Kwa miaka zaidi ya ishirini Serikali ndiyo iliyowalipia wanafunzi masomo na malazi. Katika miaka ya mwanzo ya 1990 likaja neno jipya, kuchangia gharama, na mwanafunzi na mzazi wakatakiwa walipe sehemu yao. Neno lililochaguliwa lilikuwa zuri, maana lilitaka kurithi heshima ya kuchanga. Lakini aliyetakiwa kuchangia hakupewa hiari ya kutochangia, wala hakuulizwa gharama hizo zipangweje. Baadaye ikaundwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, kwa sheria ya mwaka 2004, na kwa marekebisho ya mwaka 2016 mhitimu mwenye ajira aliyekopa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi mpaka deni liishe. Hilo ni deni, na kulipa deni ni haki. Hakuna aliyeliita mchango. Katika jambo hili sheria imesema kweli kuliko adabu zetu.

Basi mtumishi wa chuo wa siku hizi aletewapo karatasi ya kuombwa atoe kwa ajili ya jengo, ama mfuko wa wanafunzi maskini, huisoma akiwa na kumbukumbu zote hizi, hata kama hazijui kwa majina. Swali analojiuliza ni: je, hapa ninachanga, nachangishwa, ama nakatwa? Jirani yake wa ofisi akifiwa, orodha hupitishwa mlango kwa mlango kabla ya adhuhuri, na hakuna anayehitaji kubembelezwa. Watumishi wetu si wachoyo. Wanajua kutoa kwa ajili ya misiba, arusi na magonjwa, tena kwa mishahara isiyotosha. Wanachokihofu ni kukitolea kitu kisichowajua.

Mwanazuoni wa Ufaransa, Marcel Mauss, katika insha yake mashuhuri ya mwaka 1925, alionyesha kwamba hakuna zawadi isiyofunga: anayetoa na anayepokea hubaki wamefungamana. Mwingereza Richard Titmuss, ambaye mwaka 1964 alishiriki katika taarifa kubwa juu ya huduma za afya za Tanganyika, aliandika mwaka 1970 juu ya watu watoao damu bila ya malipo, akasema kwamba mtu aweza kumpa hata asiyemjua, ikiwa jamii imemwachia nafasi ya kufanya hivyo kwa hiari. Mtumishi atoaye kwa chuo chake yuko baina ya hao wawili. Kama asemavyo Mauss, anatoa ili afungamane. Kama asemavyo Titmuss, anawapa asiowajua, yaani wanafunzi watakaokuja baada ya yeye kustaafu. Lakini anayo sifa moja ambayo mfadhili wa nje hana: yeye anaijua nyumba kutoka ndani. Ameona paa linalovuja, na ameona pia fedha iliyopotea. Kwa hiyo akitoa, kutoa kwake ni ushahidi kwamba chuo bado kinaaminika. Vyuo vya ng'ambo huijua siri hii. Huwaonyesha matajiri hesabu ya watumishi waliotoa, hata kama jumla ya fedha yao ni ndogo. Na ikiwa kutoa ni ushahidi, kukataa nako ni ushahidi. Mkuu wa chuo mwenye busara hatawakasirikia waliokataa. Atawauliza wameona nini.

Hitimisho

Tukiyakusanya yaliyotangulia, twaona kwamba mchango wa kweli, kama ulivyojulikana katika mitaa ya Kariakoo, ulikuwa na nguzo tatu. Ya kwanza ni jina: kila mchangaji aliandikwa, mkubwa kwa mdogo, kwa mpango mmoja. Ya pili ni daftari: mtunza fedha aliweza kuulizwa mbele ya watu, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Ya tatu ni kauli: aliyetoa alikuwa na haki ya kusema katika mkutano jinsi fedha itakavyotumika, na aliyekuwa hana kitu hakufukuzwa. Nguzo hizi zikiwapo, mtumishi hutoa, kwani kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Zikiondolewa, tumebakiwa na makato yaliyovikwa kanzu ya mchango, na watu hawadanganyiki kwa kanzu.

Yapo mengi yanayosubiri kuchunguzwa. Msamiati wa uchangaji wa Dar es Salaam haujakusanywa wote, wala madaftari ya vyama vya kufa na kuzikana hayajatafutwa kwa bidii, na wazee waliokumbuka matumizi yake wanapungua kila mwaka. Soko lenyewe la Kariakoo liliungua tarehe 10 Julai 2021, na moto wa namna hiyo hauchagui baina ya bidhaa na karatasi. Wenzetu wa taaluma ya Kiswahili wataifanyia nchi kazi kubwa wakishuka kutoka Mlimani, wakaenda kuketi vibarazani katika mitaa ile iliyotupa nyumba ya kwanza, wakasikiliza watu wakisema walichanga nini, na kwa nini.